Yule Si Mtu

Ilikuwa wiki ya tatu ya muhula, boom halijaingia, na klabu yetu ya maigizo ilikuwa na shilingi 12,000 kwenye kopo la kahawa. Tulikuwa tunadaiwa kodi ya spika, tunadaiwa na fundi cherehani, na mwenyekiti wetu alikuwa ameanza kupita njia ya nyuma ya maktaba ili asikutane na fundi huyo. Ndipo akaja na wazo. Alikuwa ameona kwenye simu yake jinsi wenzetu wa Marekani na Uingereza wanavyouza tiketi ya chakula cha usiku pamoja na igizo. Watu wanakula, waigizaji wanapita katikati ya meza wakichekesha, mara mtu "anauawa", na wageni wanakaa kukisia muuaji ni nani huku wanamalizia kuku wao. Mwisho muuaji anafichuliwa, watu wanapiga makofi, wanakwenda kulala.

"Tiketi 15,000, pilau na kuku, soda moja," alisema mwenyekiti. "Kichekesho na fumbo ndani ya sahani moja."

Kila mtu akashangilia. Halafu dada mmoja wa mwaka wa pili akanigeukia: "Wewe si wa Mtwara? Si kwenu ndiko kwenye vile vinyago vinavyocheza ngoma? Basi tuweke kinyago, mwisho tunakivua, watu wanaona nani yumo ndani. Hapo watu watapagawa!"

Ndugu msomaji, nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kwa furaha, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Miaka miwili hapa chuoni, jina la kwetu limekuwa likitajwa kwa mambo mawili tu: korosho, na utani wa Wamakonde. Leo Tandahimba inahitajika! Nikarudi hosteli nikitembea kifua mbele.

Usiku usingizi ulikataa. Nilikuwa nimekumbuka sahani.

*

Kwa asiyefahamu, Tandahimba iko juu ya uwanda wa Makonde, kusini kabisa, ambako zamani tulikuwa sehemu ya Newala. Ukishuka upande wa kusini unaufikia mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Juu huko maji ni shida ya miaka mingi. Bibi yangu ameteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani mpaka ninyi mngeshika mimba ya kuchoka. Lakini mikorosho inaukubali mchanga ule, na korosho ikishauzwa, watu wanakumbuka kwamba wana watoto wa kutoa unyagoni na jandoni.

Siku watoto wanatoka ni siku ya kula. Wali, kuku, nyama ya mbuzi, ugali wa muhogo kwa wazee wasioshiba wali, kisamvu kilichoungwa kwa nazi au karanga. Walio na dini yao wanakunywa chai, walio na mambo yao wanajua ulipo uraka. Na watu wakiwa na sahani mkononi, ndipo ngoma inapoingia na vinyago vinatoka. Kwetu tunasema midimu, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wanasema mapiko.

Wengi mnaijua sindimba kwa sababu ilifundishwa mpaka shuleni. Midimu ni jambo lingine. Anayecheza amefunikwa, usoni ana kinyago cha mti, na wala hasemi. Kinatoka kinyago cha mzee, kinatembea kwa mkongojo, kinadondoka, watu wanacheka. Kinatoka kingine kwenye miguu ya miti, kirefu kuliko paa, watoto wanakimbia na vipande vya kuku mkononi. Halafu kinatoka kinyago cha mjamzito: mwanamume aliyevaa kifua na tumbo la mti, anashika kiuno, anatafuta pa kukaa, anapangusa jasho. Hapo wanawake ndio wanaocheka mpaka machozi. Bibi yangu kila mwaka alikuwa na tathmini yake: "Huyu hajakaa vizuri. Mimba ya miezi minane haikai hivyo."

Na ukiuliza, "Bibi, nani yule ndani?" jibu lilikuwa moja: "Yule si mtu."

Tuliambiwa ni mzimu, umetoka kaburini. Wanaume waliokwisha kuingia jandoni walijua. Sisi wanawake na watoto hatukutakiwa kujua, na atakayesema amejua angekiona cha moto. Hilo ndilo fumbo lenyewe.

*

Sasa nikuambie habari za mjomba wangu.

Kwetu mjomba si mtu wa kukuletea pipi tu. Sisi tunahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Mjomba wangu aliwahi kuanguka kutoka juu ya mkorosho kabla sijazaliwa, na tangu hapo shingo yake haigeuki. Ukimwita kutoka nyuma, anageuka mwili mzima, miguu kwanza, kama gari linalotafuta pa kugeuzia. Kijiji kizima kilimjua kwa hilo. Ukimwona mbali kwenye vumbi unasema, huyo ni yeye.

Nilikuwa darasa la saba. Mwaka ule malipo ya korosho yalikuwa yamechelewa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umeanza kwetu msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka magunia kwenye chama cha msingi, yanapimwa, anapewa karatasi, yanakwenda ghalani na kupigwa mnada, halafu anasubiri pesa. Tulikuwa tunapewa malipo ya kwanza, ya pili unangoja. Mfumo wenyewe una watetezi wake na sina ugomvi nao hapa. Ila chama chetu kile, ambacho sikitaji, kilikuwa na makato yasiyoisha, na neno lililotuuma kuliko yote lilikuwa "unyaufu": kwamba korosho zako zimenyauka zikiwa ghalani, kwa hiyo kilo zimepungua. Wazee walisema korosho za mtu maskini ndizo zinazonyauka haraka. Walisema hivyo barazani, kwa sauti ya chini, kwa kuwa aliyewahi kusema kwa sauti ya juu aliitwa ofisini, na msimu uliofuata magunia yake yalipimwa ya mwisho.

Usiku wa ngoma, katibu wa chama alialikwa. Alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, na sahani yake ilikuwa na paja zima la kuku. Vinyago vikacheza, watu wakacheka. Halafu kikatoka kimoja ambacho sikuwahi kukiona, uso mpana, mashavu yamejaa. Mkononi kilikuwa na mizani: fimbo yenye vifuu viwili vya nazi vilivyofungwa kwa kamba.

Kikapita kwa mtoto mmoja, kikachukua sahani yake ya wali, kikapima. Kikatikisa kichwa. Kikachota wali kidogo na kuutia chini ya nguo yake.

Mtu mmoja gizani akapaza sauti: "Unyaufu!"

Watu wakaangua kicheko. Kikachota tena. Sauti nyingine: "Ushuru!" Kikachota. "Usafiri!" Kikachota. "Gunia!" Kufikia hapo uwanja wote ulikuwa unapiga kelele kwa pamoja, na kinyago hakikutamka hata neno moja. Kilipomaliza, kikamrudishia mtoto sahani tupu, na juu yake kikaweka kipande cha karatasi. Bibi mmoja akapiga yowe: "Stakabadhi! Urudi mwezi wa tatu!"

Halafu kikaenda kwa katibu.

Ngoma ikapungua. Kikainama mbele yake kwa adabu zote, kikachukua sahani yenye paja la kuku, kikapima. Mizani ikalalia upande mmoja mpaka ikagusa chini. Kikamwonyesha. Kikazunguka kuwaonyesha watu wote. Kikapeleka sahani ile kwa yule mtoto.

Katibu alicheka. Afanyeje? Mbele ya midimu ukikasirika umejichongea mwenyewe. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Na katikati ya kicheko kile, mtu akakiita kinyago kwa nyuma, nacho kikageuka.

Kiligeuka mwili mzima, miguu kwanza.

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nilimtazama bibi, naye alikuwa ananitazama mimi. Alitia mkono kwenye sahani yake, akaniongezea mnofu, akasema polepole, "Kula, mke mwenzangu. Yule si mtu."

*

Asubuhi katibu alikuja kwetu. Mimi nilikuwa nafagia uwanja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ngoma ya jana uliifurahia?"

"Ndiyo, baba."

Akachuchumaa ili tuwe sawa. Akatoa noti ya 500. "Chukua ukanunue maandazi. Hebu niambie, yule aliyechukua sahani yangu, si mjomba wako yule?"

Nyuma ya nyumba nilisikia shoka. Mjomba alikuwa anapasua kuni, na alikuwa na magunia tisa yanayosubiri malipo ya pili. Mimi nilitakiwa kwenda sekondari, na sare, tranka na godoro vyote vilikuwa ndani ya magunia yale.

Leo nina lugha ya kueleza kilichonipata pale. Siku ile nilikuwa na ufagio tu. Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba ninajua. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alishajua, shingo ile nani asiijue? Lakini kujua kwake hakukumsaidia kitu. Asingeweza kwenda ofisini na kuandika kwamba fulani amenidhalilisha, kwa sababu hakuna fulani. Alihitaji mtu mmoja aseme jina, hata kama ni mtoto.

"Yule si mtu," nilimwambia.

Shoka likanyamaza. Mjomba akatokea pembeni ya nyumba, akatusikia tunaongea, akatugeukia, mwili mzima. "Karibu katibu! Vipi, umelala salama?"

Katibu akasimama, akatazama ile shingo, akanitazama mimi, akarudisha noti yake mfukoni. Baadaye mkutano uliitishwa na hesabu za uzito zikasomwa hadharani. Siwezi kusema kinyago ndicho kilicholeta mkutano. Ninachojua ni kwamba Januari nilikwenda sekondari na tranka jipya.

*

Sasa mnaelewa kwa nini usingizi ulikataa. Nilikuwa nimekubali kwenda jukwaani, mbele ya watu wenye tiketi za 15,000, kuvua kile ambacho nilikataa kukivua kwa 500.

Nilimpigia mjomba. Nilimweleza mpango wote: chakula, vichekesho, fumbo, kinyago.

"Kwa hiyo mnakula na mnacheka," alisema. "Vizuri. Halafu?"

"Halafu mwisho tunakivua, mjomba, watu waone nani alikuwa ndani."

Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Mama," akasema, "ukikivua unabaki na kipande cha mti na kijana anayetoka jasho. Hicho ndicho watu wanalipia?" Kisha akaongeza: "Na kinyago cha kwetu hakipandi basi. Tengenezeni cha kwenu."

Nilirudi klabu na habari hiyo, tukagombana siku tatu. Mwenyekiti alisema fumbo lisilofumbuliwa ni wizi: mtu amelipa, ana haki ya kujua. Mwingine akasema mimi ninaleta ushirikina chuoni. Wa tatu, dada ninayemheshimu, aliniuliza swali lililonichoma: "Hivi siri hiyo si ndiyo iliyotumika kuwatisha ninyi wanawake? Mbona unaitetea?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli tulitishwa. Nilimrudia bibi kwa simu, naye akacheka mpaka akakohoa. "Sisi tulijua tangu mama zetu. Nani anamfulia mume wake nguo asijue jasho lake? Lakini tukisema tunajua, watamchezea nani? Na sisi unyagoni tuna yetu, wao pia wanajifanya hawajui." Kwa hiyo pale uwanjani kila mtu alikuwa anaigiza, hata sisi tuliokaa na sahani. Jibu hilo halimalizi swali la yule dada. Hofu ya mtoto wa miaka saba ilikuwa hofu kweli. Lakini kunyamaza kwangu mbele ya katibu hakukutoka kwenye hofu ya mzimu.

Nilikwenda maktaba kutafuta silaha. Nikakuta kwamba mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Karl Weule alipanda uwanda wetu akiwa na kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti. Alikaa Newala, akakaa Mahuta, ambayo leo iko wilayani Tandahimba. Alipiga picha ngoma, akanunua vinyago, vikaenda jumba la makumbusho la Leipzig. Kitabu chake kilitoka 1908. Niliangalia picha za vinyago hivyo kwa muda mrefu. Ni vizuri sana. Vimevuliwa, vimepewa namba, na hakuna anayecheka.

Kisha nikakuta kitu kilichomnyamazisha mwenyekiti kwa dawa yake mwenyewe. London kuna igizo la mauaji la Agatha Christie, The Mousetrap, linalochezwa tangu 1952, ukiacha kipindi cha korona walipofunga. Kila usiku, muuaji akishafichuliwa, watazamaji wanaombwa wasimwambie mtu huko nje. Miaka yote hiyo watu wanatoka mlangoni na siri moja.

"Unaona?" nilimwambia. "Hata hao uliowaona kwenye simu wanajua. Kufichua ni kwa waliokaa mezani. Nje ya hapo, kimya."

Akakuna kichwa. Mwalimu wetu mmoja, aliyekuwa anatusikiliza, akasema yeye alikua Dar ya miaka ya 1990, TOT na Muungano wanapiga taarabu, ngoma, sarakasi, maigizo na vichekesho usiku mmoja, watu wamekaa na bia na nyama. "Hatukuwa tunasubiri kufichuliwa kitu," alisema. "Tulikuwa tunasubiri kusemewa yetu."

*

Tuliliita igizo "Nani Kala Mchango?" Pesa za mchango wa hosteli zimepotea, washukiwa ni mweka hazina, msimamizi wa bweni, na kijana mmoja mwenye viatu vipya. Kinyago tulikitengeneza kwa boksi na gundi, kinafanana zaidi na friji kuliko mzimu. Kilipita mezani na mizani yake, kikipima pilau za watu, kikikata. Tulikuwa na wasiwasi kama wenzetu wa Kagera na Arusha wataelewa "unyaufu". Hatukuwa na haja. Kilipofika meza ya tatu mtu akapiga kelele, "Tozo!" Mwingine, "Ada ya kitambulisho!" Mwingine, "Saplimentari!" Ukumbi ulilipuka. Wasichana wa meza ya nyuma walitaja makato ambayo sikujua kuwa yapo.

Mwizi alifichuliwa, kama mwenyekiti alivyotaka. Alikuwa msimamizi wa bweni, na mweka hazina wetu wa kweli alishangilia kuliko wote. Halafu zikaanza kelele: "Kinyago! Vua! Vua!"

Mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti. Nilitazama meza zile, watu wamesimama, simu zimeinuliwa. Ningepata makofi makubwa kuliko yote ya maisha yangu. Nikasema, "Yule si mtu."

Wengine walizomea. Jamaa mmoja alidai arudishiwe pesa yake, na sikumlaumu. Lakini kutoka mlango wa jikoni, mama mmoja aliyekuwa anakusanya sahani, ambaye sikuwa najua kwamba ni wa Newala, akajibu kwa sauti kubwa, "Si mtu kabisa!" na akapiga kigelegele. Kinyago kikapita mbele yake, kikaingia jikoni, hakikurudi kuinama wala kupiga picha.

Tulilipa spika. Tukamlipa fundi nusu, na nusu nyingine amepewa stakabadhi. Kuna mtu ameniuliza mara sita nani alikuwa ndani ya lile boksi. Juzi ametokea ofisa mmoja pia kuuliza, kwa utani tu, alisema, kwa sababu kile kipande cha ada ya kitambulisho kilimgusa. Nilimpa jibu lile lile, na nikagundua kwamba safari hii moyo haukunienda mbio.

Usiku ule nilimpigia mjomba kumwambia kwamba imekwenda vizuri. Alifurahi. Basi nikajitia moyo, baada ya miaka yote hiyo, kwamba sasa mimi ni mtu mzima.

"Mjomba, siku ile ya sahani ya katibu..."

"Sahani gani?"

"Ile ya ngoma, mjomba. Mizani ya vifuu."

"Aa, hiyo nilisimuliwa," alisema. "Mie sikuwepo. Siku ile nilikuwa Newala, hospitali, natibiwa shingo."

Nikamwambia, "Pole ya shingo, mjomba."

"Nshapoa, mama."